Siku moja maabarani: kupachika jeni kwenye tumbaku na kuhesabu uzao wake

Saa 2 asubuhi. Naanza na mchuzi wa Agrobacterium tumefaciens, bakteria wa udongo anayeingiza DNA yake kwenye mimea, uliokesha ukitikiswa kwenye nyuzi 28. Joto likifika 37, bakteria wanaweza kuipoteza plasmidi ya Ti (duara dogo la DNA), na bila jeni za vir zilizomo humo, zinazosafirisha DNA, hakuna DNA itakayovuka kuingia kwenye mmea. Napima ukungu wake kwa spektrofotometa (kipima mwanga) kwenye nanomita 600; kati ya 0.5 na 0.8 unafaa. Nauzungusha kwenye sentrifuji, namwaga majimaji yenye antibayotiki, halafu nakoroga mashapo ndani ya MS (lishe ya kukuzia mimea) ya maji yenye asetosiringoni mikromola 100. Kemikali hiyo hutolewa na tishu za mmea zilizojeruhiwa, na ndiyo inayoziamsha jeni za vir.

Saa 3. Ndani ya kabati la hewa safi nakata majani ya tumbaku iliyokuzwa bila vijidudu, vipande vya sentimita 1, nikiuacha mshipa mkuu. Wembe uwe mkali: seli zilizokatwa safi huzaa machipukizi, zilizopondwa hufa tu. Vipande vinaloweshwa dakika 10, kisha vinakaushwa juu ya karatasi ya kuchujia iliyotakaswa. Hatua hii ya kukausha ndiyo wengi huiharakisha, kisha baada ya siku chache sahani nzima inafunikwa na utando wa bakteria. Vinakaa gizani siku 2, nyuzi 22 hivi.

Saa 5. Vipande vya juzi vinahamia kwenye agari (jeli ya kuoteshea) ya kuchuja seli: homoni za mimea BAP miligramu 1 kwa lita na NAA 0.1, kanamaisini 100 ya kuua seli zisizopokea jeni, na sefotaksimu 500 ya kuua bakteria. Antibayotiki zinatiwa baada ya otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu), agari ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi. Zikitiwa mapema joto linaiharibu sefotaksimu, na bakteria wanarudi kuifunika sahani. Machipukizi yakitokea baada ya wiki 3 au 4, nachukua moja tu kwa kila kipande. Mawili ya kipande kimoja huenda yametokana na seli moja, nawe ukadhani una mistari (koo za mimea) miwili.

Saa 7 mchana. PCR (kunakili kipande cha DNA ili kukitambua) ya mimea iliyotia mizizi. Pamoja na jeni pandikizi napima jeni ya bakteria iliyo nje ya T-DNA, kipande cha plasmidi kinachohamia kwenye mmea. Nayo ikionekana, huenda bakteria bado wamejificha kwenye tishu, au kipande cha plasmidi cha nje ya mpaka kimeingia pamoja na T-DNA. Kwa vyovyote, jibu la "ndiyo" kwenye jeni pandikizi halitoshi.

Saa 8. Sasa naketi na sahani za uzao, na hapa siharakishi. Mmea wa kwanza, T0, kwa kawaida una jeni kwenye kromosomu moja tu ya jozi. Ukijichavusha, jeni ikiwa imeingia sehemu moja tu, miche ya T1 (uzao wake) hugawanyika 3 yenye jeni kwa 1 isiyo nayo. Mbegu zinasafishwa kwa ethanoli ya asilimia 70 dakika 1, kisha dawa ya klorini dakika 10, zinasuuzwa mara 5 na kupandwa kwenye kanamaisini: miche yenye jeni hubaki kijani, isiyo nayo huwa myeupe. Nasubiri wiki 2 hadi 3, kwa sababu ukihesabu mapema, miche dhaifu bado ina rangi ya kijani ya kukudanganya.

Mstari wa kwanza: kijani 96, weupe 36. Matarajio ni 99 na 33. Kai-mraba, kipimo cha umbali kati ya hesabu na matarajio, ni 0.36, chini sana ya mpaka wa 3.84. Sehemu moja. Wa pili: 119 na 9. Kwa 3:1 kai-mraba ni 22, kwa 15:1 ni 0.13: sehemu mbili zisizofungamana. Wa tatu: 61 na 59. Huu ndio wa kuchimbwa. Uwiano huu haumaanishi kwamba jeni imepotea. Rangi inaonyesha jeni inayofanya kazi, si jeni iliyopo.

Saa 10 alasiri. Kwa hiyo nakamua DNA ya miche ile myeupe, nikipima aktini (jeni ambayo kila mmea unayo) pembeni ili nijue kwamba DNA ni nzima. Jeni ikiwamo ndani ya miche mingine myeupe, imenyamazishwa, mara nyingi kwa metili (alama ya kemikali) kwenye promota, swichi ya jeni, hasa nakala zilipoingia mbili zikitazamana. Mstari huo nautupa, maana unyamavu huweza kuzidi kizazi hadi kizazi. Isipokuwamo kabisa, huenda jeni haipiti upande mmoja wa uzazi.

Saa 11 jioni. Hilo la mwisho linaamuliwa kwa kuvusha. Nachagua maua ya kuchanua kesho, nafungua petali na kung'oa stameni zote 5 kabla mifuko ya chavua haijapasuka, halafu navika mfuko wa karatasi. Asubuhi napaka chavua ya mstari wa tatu kwenye tumbaku ya kawaida, na ya kawaida kwenye mstari wa tatu. Mstari ukiwa mama, nusu ya miche iwe kijani. Ukiwa baba na miche yote ikawa myeupe, chavua yenye jeni ndiyo inayoshindwa.