Mtambo umechachuka

Hombolo, Jumapili usiku

Leo moto wa jiko la gesi ulififia, ukawa wa njano, ukazima. Maharage ya mama mkwe yalikuwa hayajatokota hata mara moja. Hakuniambia neno. Alitoka na kopo, akarudi na mkaa wa kukopa kwa jirani. Heri angenifokea.

Kosa ni langu. Msimu wa zabibu kila jioni tunaosha matanki na mashine ya kukamulia, na maji yake hutoka mekundu kama juisi ya rosela iliyozimuliwa, yamejaa sukari na machicha. Zamani tuliyamwaga korongoni, nzi wakafanya harusi. Siku hizi yanaingia kwenye mtambo wa biogesi, ule unaolisha jiko letu, ndoo mbili kwa siku, pamoja na samadi ya ng'ombe. (Yale ya magadi makali ya kusafishia hayaingii kabisa, yanaua vijidudu.) Alhamisi nilikuwa na haraka. Nikamimina madumu kumi na mawili kwa mpigo, moyoni nikisema chakula kingi, gesi nyingi.

Mle ndani kuna makundi mawili ya vijidudu. La kwanza hula sukari upesi na kuacha asidi. La pili ndilo hugeuza asidi hiyo kuwa methani, gesi inayowaka, nalo ni zito, huzaana polepole, na asidi ikizidi linagoma. Fundi alinieleza siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa naitikia tu huku nawaza gharama za saruji.

Kilichonihadaa ni mrija wa kupimia presha. Maji ya rangi yalipanda vizuri tu Ijumaa na jana, nikajua gesi ipo. Ilikuwepo kweli, ila zaidi ilikuwa kabonidayoksaidi, ambayo haiwaki. Gesi nzuri ya kupikia huwa na methani asilimia 50 hadi 70. Nilipochota tope kwenye tundu la kutokea, ile harufu ya yai viza niliyoizoea haikuwepo, lilinuka siki. Karatasi ya kupimia asidi ikasoma pH 5.5 (namba ikishuka chini ya 7, asidi imezidi), wakati wale wazito wanataka karibu na 7.

Kule Hale, Tanga, biogesi ya mabaki ya mkonge iliwahi kuendesha jenereta ya umeme. Mimi nimeshindwa na sufuria ya maharage.

Nimeacha kuulisha. Nimekoroga chokaa kwenye maji kupunguza asidi, natia kidogo kidogo huku napima, na kesho naenda kuomba ndoo kadhaa za tope kwa jirani ambaye mtambo wake unawaka, liwe mbegu. Maji ya kuoshea yatakaa kwenye simtanki kuukuu hadi hapo.

Wakati naandika, mama mkwe amechungulia mlangoni.

"Mama Neema, hao wadudu wako watapona lini?"

"Labda wiki mbili, mama."

"Basi kesho ukipita sokoni niletee gunia la mkaa."