Feni iliyokesha

Mwaka 2019 nilikuwa nasimamia chumba cha kompyuta kwenye shule ya sekondari ambayo nguzo za umeme zilikuwa hazijaifikia. Tulitegemea sola: paneli juu ya bati, betri na inveta stoo. Kompyuta zilikuwa za mtumba, zote nimeziwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux.

Kukicha tu, inveta inalia, betri zimekwisha, na kipindi cha kwanza kinaharibika. Nilishaanza kuzishuku betri zenyewe, mpaka mlinzi aliponisimamisha getini.

"Mwalimu, ile kompyuta ya dirishani huwa haizimiki. Kioo kinakuwa cheusi, lakini usiku kucha naisikia inavuma."

"Ahsante sana, mzee. Leo nitakaa nayo."

Jioni niliizima mbele ya macho yangu. Kweli, skrini ikawa nyeusi, lakini feni inazunguka na taa ya kitufe inawaka. Ukishikilia kitufe sekunde chache inakatika, na wengi huishi hivyo. Mimi siafiki. Ukikata umeme bila kujua mashine imefikia wapi, unaweza kukuta diski bado inaandika, na humo ndimo zilimo kazi za wanafunzi.

Nilifungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya kuwasha mashine, nikafuta maneno quiet splash yanayoficha ujumbe, nikaendesha amri ya update-grub ili badiliko lishike, nikaiwasha upya. Nilipoizima tena, mistari ikaanza kushuka. Hapa ndipo pa kukaza macho. Ikigota kwenye "A stop job is running", kuna huduma, yaani programu ya chinichini, inayogoma kufungwa, na kwa kawaida systemd, msimamizi wa huduma hizo, huisubiri sekunde 90 kabla ya kuiua. Yangu haikugota hapo. Iliteremka mpaka "reboot: Power down", ikaganda.

Nilifurahi kuuona mstari ule. Maana yake faili zimefungwa, diski imeachiliwa, na Linux imefika hatua ya mwisho kabisa: kuiamuru bodi kuu ya kompyuta, kupitia ACPI (utaratibu wa kudhibiti umeme wa mashine), iingie hali ya S5, yaani kuzimika kabisa. Kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuhangaika na huduma wala programu. Tatizo lilikuwa kati ya kerneli (kiini cha Linux), draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na bodi.

Nikaorodhesha draiva kwa lsmod, nikawa naondoa mojamoja kwa amri ya modprobe -r, nazima, nasubiri. Ya sauti, bado. Ya Wi-Fi, bado. Giza lilishaingia nilipoigusa mei_me, draiva inayozungumza na kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya chipseti. Nikaandika poweroff. Mistari ikashuka, kukasikika "tap", feni ikapunguza mwendo, taa ikazimika. Niliiwasha tena palepale, nikaandika blacklist mei_me kwenye faili jipya ndani ya /etc/modprobe.d ili draiva hiyo isipakiwe tena yenyewe, nikaendesha update-initramfs -u ili katazo lishike tangu mashine inapowaka, kisha nikaizima kwa njia ya kawaida. Ikazimika.

Draiva ile hatukuihitaji. Faida yake kubwa iko maofisini, mafundi wanakosimamia mashine kwa mbali. Dawa ya kudumu pengine ingekuwa kusasisha BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye bodi, lakini kisakinishi chake kilitaka Windows, na umeme ukikatika katikati ya kazi ile bodi inaweza kufa moja kwa moja. Kwa betri zilizokuwa zinalia kila asubuhi, sikuwa tayari kuihatarisha kompyuta ya watoto.