Nilivyorisiti (kurudia mtihani) baada ya kupata ziro

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa tulikuwa tumepata divisheni ziro, yaani tumefeli. Nchi nzima ilipiga kelele. Serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya baadaye mwaka huo huo, wengine wakapanda. Mimi nilibaki pale pale kwenye ziro: pointi 34, D moja ya Kiswahili, zilizobaki zote F.

Watu walinifariji kwamba tuko wengi. Lakini wingi wetu haukumfungulia hata mmoja mlango wa kidato cha tano.

F iliyoniuma kuliko zote ni ya Historia. Mimi ni mtoto wa Umatumbi, Kilwa. Vita vya Majimaji vilianzia kwetu, Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa mipamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima. Habari za Kinjeketile wa Ngarambe na maji yake, yaliyoaminika kuzuia risasi za Wajerumani, nilizisikia kwa bibi kabla sijaanza darasa la kwanza. Ningeweza kukusimulia kuanzia jua linapozama hadi watu wanapoingia kulala. Mtihani lakini ulitaka nieleze kwa Kiingereza, na Kiingereza nilichokuwa nacho ni vichwa vya pointi nilivyonakili ubaoni na kuvikariri. Swali likigeuzwa kidogo tu, nilikuwa sina la kuandika. Miaka saba ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikaingia sekondari ya kata yenye walimu wachache ambako vitabu vya karibu masomo yote vilikuwa kwa lugha nisiyoielewa. Nilikesha na daftari kama wenzangu. Juhudi haikukosekana, na nalisema hili kwa sababu vijana wengi waliopata ziro wameitwa wavivu mbele ya wazazi wao.

Mwaka ule nilikaa nyumbani nikimsaidia mama kukaanga samaki. Mwanzoni mwa 2014 mama mdogo akanichukua Lindi. "Mwanangu, samaki hawamaliziki baharini," aliniambia. "Nenda kajisajili." Nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na jioni nikawa naenda tuisheni kwa mwalimu mmoja mstaafu.

Siku ya kwanza aliniambia nifunge daftari nimsimulie Majimaji kwa Kiswahili. Nilisimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Historia unaijua, mama. Kazi yetu ni kuiandika." Sikuwahi kuambiwa kwamba kuna somo ninalolijua.

Tulifanya hivyo kwa kila mada. Kwanza naieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili, hadi yeye aridhike kwamba nimeelewa sababu na matokeo yake. Kisha naiandika kwa Kiingereza cha sentensi fupi fupi, zile ninazoweza kuzisimamia mwenyewe, bila kunakili ya kitabu hata moja. Anasahihisha kwa kalamu nyekundu, narudia kuandika. Baiolojia ikaanza kueleweka kwa njia hiyo hiyo: nilipojua usanisinuru ni nini hasa, maneno ya Kiingereza yakapata mahali pa kushika.

Jambo la pili alilonifundisha ni kusoma swali. Tulichukua mitihani ya nyuma ya NECTA, Baraza la Mitihani, tukawa tunapiga mstari chini ya neno la amri: taja, eleza, tofautisha, linganisha. Niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nataja pale nilipoambiwa nieleze. Alama ngapi zilipotelea hapo, Mungu anajua.

Hesabu niliiacha. Nilifikiri sana kabla ya kufanya hivyo, na bado naona nilifanya sawa, maana muda wa jioni ulikuwa mchache na nilihitaji krediti tatu, yaani masomo matatu ya C au zaidi, ili niendelee na kidato cha tano na sita. Mtihani ulikuwa Novemba. Nikapata C ya Historia, C ya Jiografia na B ya Kiswahili. Baiolojia ikaishia D, na hiyo D naipenda kwa sababu najua kila nilichokiandika mle.

Kidato cha sita nacho nilikifanya kwa kujitegemea, mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), na leo nafundisha Historia sekondari. Mada mpya ikianza nawaacha wanafunzi wazungumze kwa Kiswahili kwanza, wabishane, waulizane. Kiingereza tunakiingia baada ya hapo. Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, wanasema nawachelewesha. Mimi nimeona daftari za wanafunzi zikibadilika.

Wanaonijia kuuliza habari za kurisiti nawaambia wajisajili mapema, kwa sababu usajili hufungwa miezi mingi kabla ya Novemba na aibu ya matokeo inaweza kumlaza mtu ndani mpaka dirisha limpite. Nawaambia pia waje na karatasi ya matokeo yao, tukae tuangalie somo kwa somo ni lipi wanaweza kunisimulia bila daftari. Hilo ndilo tunaloanza nalo.