Bao lilivyonipimia wimbo

Kikundi chetu cha taarabu hapa Ngamiani, Tanga, kililala miaka saba. Mpiga akodiani wetu, mtu mzima tunayemwita Mwalimu, alikasirika harusini kwa hesabu ya tuzo, zile fedha wanazotutunza wageni, akafunga chombo chake mkobani, akaenda zake. Mimi nikaitundika fidla.

Kila niliyemlilia alinipa dawa ileile: nendeni na wakati, tieni biti ya kompyuta. Nikawasikiliza, na hilo bado linaniuma. Tulipeleka wimbo wetu wa zamani studio, ikatutoka kama laki mbili na ushei pamoja na nauli na chakula. Kijana akaukimbiza hata mwimbaji wetu akakosa pa kuvutia pumzi. Fidla inapenda kuteleza kati ya sauti na sauti. Ile biti imesimama palepale, haipandi wala haishuki, tukavutana nayo mwanzo hadi mwisho. Nilipoupiga barazani, wazee walisikiliza nusu, wakarudi kwenye bao lao.

Wala si kwamba Tanga tunaogopa mambo mapya. Kikundi cha Black Star cha hapahapa ndicho kilichotia gitaa na besi kwenye taarabu, na mwimbaji Shakila akaimba juu yake watu wakaduwaa. Lakini shairi lilibaki shairi. Sisi tulikuwa tunapaka rangi wimbo uliochoka, na kilichotakiwa ni wimbo mpya.

Maneno niliyapata ufukweni Sahare. Palikuwa na mashua imevutwa juu ya mchanga, imekauka, kati ya ubao na ubao kidole kinapita. Nikaandika: "Mashua iko mchangani." Nikiisoma, sawa. Nikiipiga kwenye fidla, inapinda mwishoni, na sioni kosa liko wapi.

Jioni nikakaa na wale wazee. Bao lina mistari minne ya mashimo manane, na kipande cha ushairi wetu wa kawaida, yaani nusu mstari, kina mizani minane, ndizo silabi! Walipomaliza mchezo nikaomba kete, nikawa natamka huku naweka kete moja kila shimo: ma, shu, a, i, ko, m, cha, nga... shimo la nane limejaa, na "ni" imebaki mkononi. Nilikuwa siihesabu ile "m" ya mbele. Nikaitoa "ko": "Mashua i mchangani." Kete zikaenea, kina kikatua kwenye shimo la mwisho. Tangu siku hiyo natunga kwa bao, ukwapi, kile kipande cha kwanza, mstari wa mbele, utao, kipande cha pili, mstari wa nyuma, na anayehangaika na mizani namshauri ajaribu. Vidole vinachanganya, shimo halichanganyi.

Nilipopata ubeti mmoja nikaenda kwa Mwalimu. Shikamoo, marahaba, chai. Sikutaja kikundi hata mara moja. Nikamwomba anisikilizie shairi. Nilipofika kwenye mstari wa nahodha nikaimba "hataki tanga aweke." Akaninyamazisha kwa mkono.

"Tanga haliwekwi, mwanangu. Tanga hutwekwa. Babu zako wavuvi, hulijui hilo?"

Nikarudia kama alivyosema, mpaka kwenye bamvua, yale maji makuu ya bahari:

Mashua i mchangani, zaachana mbao zake
Nahodha yuko nyumbani, hataki tanga atweke
Bamvua liko njiani, sukumeni iinuke

Alikaa kimya, kikombe kimemtulia mkononi. Akauliza, "Huyu nahodha ni mimi?" Nikamjibu, "Ni wewe, Mwalimu. Tumekukosa." Akainuka, akaingia ndani. Nilidhani nimeharibu. Nikasikia kitu kinaburutwa uvunguni, akatoka na ule mkoba, zipu imeshika kutu. Akodiani ilipovutwa mara ya kwanza ilikohoa vumbi, na kitufe kimoja hakikurudi juu. Akakirudisha kwa ukucha, akatafuta sauti ya "mchangani", akaipata.

"Ubeti wa pili uko wapi?"

Sikuwa nao. Nikarudi barazani kuazima kete. Sasa wimbo una beti nne, mbili ni za Mwalimu, na Jumatano baada ya isha tunafanya mazoezi uani kwake. Mpiga dumbaki amerudi, mwimbaji amerudi. Hesabu ya tuzo safari hii anaishika mwimbaji, na anaiandika kwenye daftari mbele yetu sote.