Mwezi wa Pasaka, toka Igombe hadi Köln

Wenzangu tunaolea watoto ughaibuni, kila Noeli na kila Pasaka nasikia malalamiko yaleyale: sikukuu za huku hazina ladha. Mapumziko si tatizo. Ujerumani ninakoishi wanafunga kazi Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka kama nyumbani, na juu yake wanaongeza Alhamisi ya Kupaa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste. Tunachokosa ni zile wiki za kuingojea sikukuu. Mimi naamini hizo zinaweza kurudishwa ndani ya nyumba, hata ghorofa ya tatu Köln.

Mwanza Pasaka ilitujia polepole. Jumatano ya Majivu ukipanda daladala ya Igoma jioni, nusu ya abiria wana alama kwenye paji la uso. Kila Ijumaa tulifanya Njia ya Msalaba, vituo 14, tukipiga magoti juu ya mawe kwa sababu kwetu mawe ndiyo ardhi yenyewe. Jumuiya, yaani kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki, ilihama nyumba hadi nyumba na kila familia ilijua zamu yake. Kwaya ilifanya mazoezi hadi watoto wa majirani Waislamu wakazikariri nyimbo. Mama alishuka Mlango Mmoja mapema kuchagua nguo za mitumba kabla bei hazijapanda. Pasaka ilipofika, mtoto alikuwa ameshaingoja kwa tumbo, kwa magoti na kwa masikio.

Na sisi wa kando ya ziwa tulikuwa na kalenda nyingine juu ya vichwa vyetu. Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa dagaa pale Igombe. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza: unawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, dagaa wanaufuata mwanga, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haisaidii, maana ziwa zima linang'aa na dagaa hawakusanyiki. Ndipo wavuvi wanaporudi nyumbani, wanashona nyavu, wanakaa na wake na watoto wao.

Sasa tazama Pasaka inavyopangwa. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, ndiyo maana haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Kwa hesabu hiyo ya Kanisa, mwezi mpevu huangukia ndani ya Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka. Mwaka huu wa 2026 Pasaka ilikuwa 5 Aprili, na mwezi ulijaa usiku wa kuamkia Alhamisi Kuu. Kwa hiyo enzi zile Juma Kuu lilipofika, mjomba na wenzake walikuwa nchi kavu. Kanisa lilijaa wanaume ambao hatukuwa tumewaona kwenye mabenchi tangu Noeli. Usiku wa Mkesha wa Pasaka, moto mpya ukiwashwa nje ya mlango, uliweza kuwatambua mmoja mmoja kwa mbalamwezi kabla mishumaa haijawashwa.

Hayo nilimweleza binti yangu aliponiuliza kwa nini Pasaka inahamahama wakati Noeli imetulia. Tangu hapo Kwaresima yake ina dirisha: jioni anatafuta mwezi juu ya mapaa ya jirani, kisha anadai simu.

"Shikamoo bibi. Kwenu umefika nusu?"

"Marahaba mjukuu wangu. Umepita nusu. Mjomba wa mama yako angekuwa anaanza kukunja nyavu."

Hakuna katekisimu niliyoifundisha ikamshika hivyo.

Ijumaa za Kwaresima kwetu ni ugali na dagaa wa Mwanza, wanaopatikana kwenye duka la Waafrika, bei yake ikiwa kali kidogo. Hela ya nyama na soda ambazo hatukununua inaingia kwenye kopo lililo mezani, na watoto ndio wanaoitumbukiza. Juma Kuu tunaituma kwa jumuiya ya mama kule Igoma, na wao ndio wanaoamua imfikie nani. Safari iliyopita alipata mjane aliyeezuliwa bati na upepo wa masika. Mama akarekodi sauti ya yule mjane akiwashukuru watoto kwa majina. Kijana wangu, ambaye soda aliililia kweli, aliisikiliza ile sauti akairudia tena na tena.

Mimi ni muuguzi, na wauguzi mnanielewa: tarehe 25 Desemba inaweza kukukuta wodini toka asubuhi. Hapo Kanisa limetusaidia kuliko tunavyotambua, kwani Noeli inaendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari, na Pasaka ina siku 50 hadi Pentekoste. Zamu ikichukua siku yenyewe, msimu bado ni wetu. Jumapili inayofuata tunapika pilau, na sahani ya kwanza inavuka korido kwenda kwa jirani yetu Msiria, Mwislamu, kama nyumbani zilivyovuka kwenda kwa akina Mama Hamisi na kurudi siku ya Idi. Sahani hairudi tupu. Naye analijua hilo bila kufundishwa. Zile sherehe za ukumbini za kukata tiketi sizikatazi, watu wanahitaji kuonana. Ila mtoto anayeijua Noeli ya ukumbini peke yake ataiacha siku atakapochoshwa na muziki.

Sikukuu niliyoipata huku ikiwa na nguvu kuliko nilivyoizoea ni Epifania, ya Mamajusi kumwendea mtoto Yesu. Mifupa inayoheshimiwa kama ya Mamajusi iliingia Köln mwaka 1164 na bado imo katika kanisa kuu la hapa. Mapema Januari watoto wanavaa mataji, wanapita mlango kwa mlango wakiimba, wanakusanya sadaka kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine na kuandika mwaka kwa chaki juu ya mlango. Mama alipoona picha ya mlango wetu alipiga kigelegele, maana Kanisa Kuu la Mwanza, pale Bugando, ni Kanisa la Epifania. Binti yangu sasa anavaa taji na kuzunguka nao.

Majilio, wiki za kuingojea Noeli, yanaanza Jumapili ya 29 Novemba, na mama ameshatupangia kazi. Sisi tutawasha mshumaa na kusoma somo la kwanza, Igoma watasoma Injili, saa mbili usiku kwao, saa kumi na mbili jioni kwetu. Somo atasoma kijana, kwa Kiswahili. Ameanza mazoezi, na hapa na pale bado anajikwaa.