Kikulacho Ki Ufizini Mwako

Mamangu alipogundua kwamba jino lake moja la chini linacheza, hakuwa amehisi maumivu hata siku moja. Alikuwa nyumbani kwake Kibokoni anatafuna kashata, jino likasogea. "Haliniumi, mwanangu, ila halitulii," aliniambia kwa simu. Kwa mwaka mzima kabla ya hapo ufizi wake ulikuwa ukitoka damu kila alipopiga mswaki, na muuza dawa mmoja wa mtaani alikuwa akimpa vidonge vya kuua bakteria, ambavyo vilituliza hali kwa majuma machache kisha ikarejea ilivyokuwa. Picha ya eksrei ilipopigwa, tuliona kwamba mfupa wa taya ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu ya mzizi.

Ni nani aliyeula mfupa ule? Nilidhani ni bakteria, na kwa kweli wao ndio wanaoanzisha shari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, jambo lililonichukua muda kulikubali.

Wa kwanza kufika ni neutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu. Hata katika kinywa kizima hupenya usiku na mchana hadi kwenye mfereji mwembamba ulio kati ya jino na ufizi, zikameza bakteria na kufa. Ukoga, yaani utando wa bakteria unaoganda kwenye meno, ukiachwa, neutrofili huja kwa wingi zaidi, na vimeng'enya vyao vilivyokusudiwa kumwangamiza adui huvuja na kuyeyusha kolajeni, yaani nyuzi zinazolifunga jino kwenye mfupa. Makrofaji, seli nyingine za kinga ambazo kazi yake mojawapo ni kuzoa neutrofili zilizokufa na kuutuliza uvimbe, hushindwa kufikia hatua hiyo ya kutuliza maadamu ukoga bado upo. Badala yake huendelea kutoa saitokini, kemikali za kuita msaada.

Msaada unaoitika ni limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine, zikiwemo zile ziitwazo T na B. Mwaka 1976 watafiti Page na Schroeder walieleza hatua za ugonjwa huu wa fizi kwa kuangalia seli zilizojaa katika ufizi, wakaonyesha kwamba katika vidonda vilivyokomaa zinazotawala ni seli za plazima, yaani limfosaiti B zilizokomaa zinazotengeneza kingamwili. Limfosaiti T na B zilizochokozwa hubeba ishara iitwayo RANKL, nayo ndiyo inayoamsha osteoklasti, seli zinazomung'unya mfupa. Osteoklasti zenyewe ni za ukoo mmoja na makrofaji! Ndiyo maana nasema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni ufizi.

Ushahidi ulionishawishi zaidi unatokana na maradhi adimu sana ya kurithi, ambayo watoto huzaliwa na neutrofili zisizoweza kutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia katika ufizi. Watoto hao hupoteza meno mapema, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba sababu ni bakteria kukosa wa kuwazuia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha picha tofauti: kwa kuwa neutrofili hazifiki, breki ya kawaida haipo, na kemikali iitwayo intaleukini 17 humwagika kupita kiasi na kuuchochea uvimbe unaokula mfupa. Kinga iliyokosa breki iliwadhuru kuliko upungufu wa walinzi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vidonge vya mtaani havikumfaa mamangu. Ukoga ni tando lililoshikamana, dawa haipenyi vyema ndani yake, na unaposalia jinoni wito kwa seli za kinga haukomi. Jaribio la mwaka 1965 nchini Denmaki lilikuwa limekwisha kuonyesha hivyo: watu 12 waliacha kusafisha meno, fizi zao zikavimba ndani ya siku 10 hadi 21, kisha zikapona waliporudia usafi. Lakini huo ulikuwa uvimbe wa ufizi tu. Mfupa ukishapotea haurudi kwa mswaki.

Kisukari, ambacho mamangu anacho kama jirani zake wengi, huzidisha ukali wa mwitikio huo, na ufizi mgonjwa nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Wavuta sigara wana hatari nyingine: ufizi wao hutoka damu kidogo, hivyo hawapati hata onyo alilolipata yeye.

Daktari alikwangua ukoga uliogeuka jiwe chini ya ufizi, kwa vikao viwili. Damu imekoma. Jino bado linacheza kidogo, na kila baada ya miezi mitatu mamangu hurudi kukaguliwa; kashata anaitafuna kwa upande wa pili.