Sanduku la kufuli nne

Ukisema mtu huokolewa "kwa imani pekee", wengi hudhani Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa kule Ujerumani, aliyatupa matendo mema. Hakuyatupa, aliyageuza yamwelekee jirani. Mwaka 1518 kule Heidelberg, katika hoja ya 28, alisema upendo wa Mungu haukuti kitu cha kuupendeza, bali hukiumba. Wetu sisi hungoja kwanza uone uzuri. Maadili ya Kilutheri yanaanzia hapo: aliyependwa bure hana tena sababu ya kumfanya maskini ngazi ya kupandia mbinguni. Anamsaidia kwa kuwa ana njaa, basi.

Lakini njaa hailishwi kwa hoja. Mwaka 1523 washarika wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, waliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Luther akauandikia dibaji. Sanduku lilikaa kanisani, likiwa na kufuli nne na funguo nne tofauti: wa makabaila, wa halmashauri ya mji, wa wenyeji wa mjini, na wa wakulima wa vijijini. Hakuna kundi lililoweza kulifungua peke yake. Wasimamizi 10 walichaguliwa kwa mwaka mmoja, wawili wawili kutoka makundi mawili ya kwanza na watatu watatu kutoka mengine, wakutane kila Jumapili. Kutoka humo alipwe mchungaji na mwalimu, watunzwe yatima, wazee na wagonjwa. Fundi aliyekwama akopeshwe, na akijitahidi kweli akashindwa kurudisha, asamehewe kwa ajili ya Mungu. Kifungu hicho kimoja, kwangu, kina teolojia kuliko mahubiri mengi.

Kilichokwamisha ni mali. Halmashauri ya mji ilikataa kukabidhi mali za wakfu zilizotakiwa kulijaza sanduku, hata Luther akalazimika kumwandikia Frederick, mtawala wa Saksonia. Funguo zilipangwa vizuri. Tatizo ni kwamba mwenye mali hakuwa ameiachia. Na uroho huo Luther alikuwa ameuonya katika dibaji ileile.

Katekisimo Ndogo ya 1529, kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani, inaifafanua amri ya saba, "Usiibe", kwa mpangilio uleule: kwanza tumche na kumpenda Mungu, kisha tusichukue fedha wala mali ya jirani, bali tumsaidie kuilinda na kuiongeza. Wanafunzi wa kipaimara hukariri nusu ya kwanza vizuri sana. Hiyo "kuiongeza" ndiyo ya kukaa nayo darasani.